Koti zito si koti la joto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi wa Desemba, na hasa na vijana wetu wanaoanza kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya wapandaji. Hivi karibuni nilisoma humu ushauri kwa wapandaji wazawa kwamba wabebe "makoti mazito" kwa sababu juu kuna baridi kali. Baridi ipo, sina ubishi. Linaloniuma ni hilo neno "mazito". Tangu siku ile watu wanne wamefika mezani kwangu na makoti ya uzito wa kutisha, huyu anataka nimfupishie mikono, yule nimbadilishie zipu. Wote wanne niliwaambia: usinipe hela yako kwa kazi hii, lirudishe ukabadilishe.

Mimi ni mama, fundi cherehani, na meza yangu iko soko la Memorial hapa Moshi, katikati ya wauza mitumba. Kabla ya cherehani nilikuwa mgumu. Nilibeba mizigo ya wageni njia ya Machame, mara chache Marangu na Rongai, kwa misimu tisa, mpaka goti la kulia likakataa. Kwa hiyo makoti haya nimeyavaa usiku katika kambi ya Barafu, chini ya kilele, na mchana nimeyafungua kwa mkasi nikaona kilichomo tumboni mwake. Niseme mapema kwamba kuyatengeneza ni riziki yangu, ila siyauzi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 2006. Koti nililinunua Kiboriloni, la kijani, la kijeshi, nje turubai nene, ndani pamba iliyoshindiliwa. Siku ile nililiona mkombozi. Muuza mahindi mmoja aliniruhusu nilipime kwenye mizani yake, likavuta kilo mbili na robo tatu. Nilifurahia hizo kilo, Mhariri. Nilidhani nimenunua joto kwa kilo, kama mtu anavyonunua nyama.

Wanaoijua njia ya Machame wanajua siku ya kwanza ni msitu mtupu, na msitu ule hauhitaji masika ili ukunyeshee. Kwa vile begini hapakuwa na nafasi, nilibeba mzigo nikiwa nimelivaa. Jasho likaingia kwa ndani, mvua kwa nje. Tulipofika kambi ya Machame, karibu mita 3,000, koti lilikuwa linachuruzika. Pamba ikishakunywa maji haiyaachii, na juu kule hakuna jua la kukausha pamba nene kwa siku moja. Kesho yake, kambi ya Shira, lilikuwa bado bichi. Usiku nililitundika kwenye kamba ya hema, asubuhi nikalikuta limeganda. Nilipolishusha na kulisimamisha chini, lilisimama lenyewe kama mtu asiye na kichwa.

Nilianza kutetemeka kabla hatujafika kambi ya Barranco. Meno yakawa yanagongana, vidole vinashindwa kufunga kamba ya kiatu. Mzee mmoja wa Kibosho, mgumu wa siku nyingi, alinitazama akauliza, "Binti, koti lako liko wapi?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akatoa kwenye mfuko wake wa salfeti kitu cha bluu kisichozidi ukubwa wa mkate. Alipokikung'uta kikavimba, kikawa koti. "Vaa hiki, mwanangu. Utanirudishia tukishuka Mweka." Nikasema, "Baba, chepesi hivi kitanisaidia nini?" Hakunijibu. Alinivalisha mwenyewe, akafunga zipu mpaka kidevuni, akanipa kikombe cha chai. Nadhani chai haikuwa hata imeisha nilipoanza kuvisikia vidole vyangu tena. Niliporudi mjini nililipima lile la bluu kwenye mizani ileile ya mahindi. Mshale ulisimama kwenye nusu kilo.

Hilo ndilo nililoleta barua hii kulisema. Koti halitoi joto. Mwili wako ndio jiko, na koti ni hotipoti tu. Wali hauivi ndani ya hotipoti, unakaa na moto ule uliotoka nao jikoni. Na kinachoshika moto si plastiki ya hotipoti, ni hewa iliyofungiwa kati ya ukuta na ukuta isipate pa kwenda. Aliyefuga kuku ameona asubuhi za Juni na Julai wanavyojitutumua mpaka wanaonekana wanono mara mbili. Manyoya hayajaongezeka hata moja. Kuku amekusanya hewa katikati yake. Kwa hiyo unachotafuta sokoni ni unene wa hewa, na hewa haina uzito wa kukusumbua mgongoni. Koti la kilo tatu lililoshindiliwa kama godoro la zamani lina hewa kidogo kuliko lile la nusu kilo lililovimba.

Sasa linavimba kwa nini? Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana yaliyovimba yako ya namna mbili, na kwa nje yanafanana kama mapacha.

Namna ya kwanza ni manyoya ya bata au bata bukini. Sisemi unyoya wenye mti katikati, nasema yale malaini kama pamba ya msufi yanayoota chini kifuani mwa ndege. Kwa kukaa na hewa hayana mpinzani. Kwenye lebo utakuta namba kama 550, 650 au 800. Hiyo ni kiasi cha nafasi inayojazwa na wakia moja ya manyoya, yaani gramu 28, kwa inchi za ujazo. Kwa kipimo chetu, manyoya ya 800 ya uzito huo mdogo yakiachiwa yavimbe hujaza lita 13, zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya maji. Ya 550 hujaza kama lita 9. Namba ikiwa kubwa, koti linakuwa jepesi kwa joto lilelile. Makoti ya mitumba yanatoka nchi nyingi, na wengi huacha mali nzuri kwa kutoijua lugha ya lebo. "Down" ni Kiingereza, "Daunen" ni Kijerumani, "duvet" ni Kifaransa, na yote ni hayo manyoya malaini. "Federn" ni manyoya yenye miti, ambayo hayavimbi sana na huchoma kitambaa yakatokeza. Ukiona "Baumwolle" au "coton" kwenye kinachojaza, hiyo ni pamba. Liache.

Adui wa manyoya ni maji. Yakilowa hushikana, yakawa vidonge chini ya kila chumba cha mshono, na pale juu yake unabaki na kitambaa kitupu. Hewa imetoka, na mahali pake yamekaa maji, yanayonyang'anya mwili joto mara zaidi ya 20 kuliko hewa.

Namna ya pili ni nyuzi za poliesta, tunazoziita sinthetiki. Kwenye lebo huandikwa hivyo tu, poliesta, au jina la kibiashara kama Thinsulate au PrimaLoft. Hiyo PrimaLoft ilibuniwa Marekani miaka ya 1980, jeshi lao lilipotaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya kwa askari anayelowa. Hazivimbi kama manyoya bora, na kwa joto lilelile koti litakuwa zito kidogo na litachukua nafasi zaidi begini. Lakini zikilowa hazilali zote. Unalikamua koti, unalivaa, na bado linakushika. Namba yake huwa 60, 100 au 133, ambayo ni gramu za nyuzi kwa kila mita moja ya mraba. Ya 60 ni ya asubuhi tu. Kwa kukaa usiku Barafu mimi ningetaka 100 na kuendelea.

Mgeni mmoja kutoka Marekani, akisubiri nimshonee begi, alinisimulia habari ya Eddie Bauer, mwuza vifaa vya michezo wa mji wa Seattle. Miaka ya 1930 alikwenda kuvua samaki wakati wa baridi akiwa na koti la sufu, likalowa, likawa zito, nusura baridi imuue njiani akirudi. Mwaka 1936 akatengeneza koti la manyoya lenye mishono ya vyumba vyumba ili manyoya yasiteremke yote chini, na mwaka 1940 akapata hati ya ubunifu wake. Habari ile ilinigusa sana. Koti lake la sufu na koti langu la kijeshi ni ndugu. Na ile mishono yake ndiyo hii ninayoifumua na kuirudisha kila siku.

Basi nani achukue lipi? Mgeni anayetembea na kibegi kidogo, mwenye hema lake na koti zuri la mvua, anayelivaa lililovimba jioni na usiku wa kilele tu, achukue la manyoya kama analipata. Mgumu achukue la sinthetiki. Hapa sitanii na sibadilishi. Mgumu anatoka jasho kuliko mtu yeyote mlimani, ananyeshewa akikunja mahema, na usiku analala na wenzake kumi katika hema linalodondosha maji ya pumzi zao. Koti la manyoya litamfaa siku mbili za mwanzo, la tatu litamsaliti.

Na ninyi mnaopanda kwa ajili ya tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika, kukumbuka siku Alexander Nyirenda alipoipandisha bendera na Mwenge kileleni mwaka 1961, kumbukeni kwamba Desemba vuli haijaisha. Mtapita msituni kwenye mvua. Kwa tarehe hiyo, kama koti ni moja tu na begi lenu si la kuaminika, hata ninyi ningewaambia mchukue sinthetiki.

Nije kwenye kununua, maana hapa ndipo ninapoona hela za watu zikipotea. Koti la mtumba limepigwa belo, limebanwa miezi. Mengine yanaamka, mengine yamekwisha kufa. Likunje lote, ulibane kwa mikono miwili huku unahesabu mpaka kumi, kisha liachie. Lililo hai linajinyanyua mbele ya macho yako. La sinthetiki lililokufa linabaki bapa kama chapati, na hakuna dawa yake. Nimefungua mengi nikakuta nyuzi zimeshikana kama kitambaa cha kuchujia. La manyoya likibaki bapa usilikatie tamaa haraka, huenda yamegandana tu kwa kufuliwa vibaya. Papasa kila chumba kwa vidole. Ukikuta vidonge, vinaweza kufunguka. Ukikuta chumba kitupu, hasa mabegani na nyuma ya shingo, manyoya yamevuja. Linyanyue kwenye jua uangalie: penye mwanga mwingi ndipo baridi itakapoingilia. Halafu linuse. Harufu ya uvundo maana yake lilihifadhiwa bichi na manyoya yameanza kuoza.

Kitambaa cha nje kiwe cha kuzuia upepo. Weka mdomo juu yake upulize kwa nguvu, mkono ukiwa upande wa pili. Ukisikia pumzi yako kiganjani, upepo wa alfajiri utapita vilevile. Vitambaa vyepesi kabisa hufumwa kwa uzi mwembamba ajabu. Kipimo chake ni danieri, na danieri 20 maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 20. Mimi ninayeishi na nyuzi bado hesabu hiyo hunishangaza. Lakini uzi huo hauvumilii. Mgumu atakayeweka mzigo begani akiwa na koti la namna hiyo ataniletea siku anaposhuka, limepasuka kwenye mshono. Atafute kitambaa kinene kidogo, hata kama gramu zitaongezeka hamsini.

Zipu ivute juu chini mara tano, na vidole vikiwa vimefunikwa na glavu kama unazo, kwa sababu ndivyo utakavyoivuta huko. Nyuma ya zipu kuwe na kipande cha kitambaa, bila hicho upepo unapita kwenye meno yake. Mikono iwe na lastiki, kiunoni kamba ya kukazia, na kofia ishonewe pamoja na koti. Inama kama unayefunga kiatu. Mgongo ukibaki wazi, ni fupi. Livae juu ya sweta au flisi utakayopanda nayo, si juu ya fulana unayovaa sokoni kwenye joto la nyuzi 30. Na hakikisha koti lako la mvua linaweza kupita juu yake bila kulibana, kwa kuwa ukilibana umeitoa ile hewa uliyoilipia. Lililovimba peke yake si koti la mvua, hata muuzaji akuapie.

Kwa mitumba ya hapa kwetu nimeona la sinthetiki lililo hai likiuzwa shilingi 25,000, na siku hiyohiyo, meza ya tatu, lile la kijeshi la kilo tatu likiuzwa 45,000. Anayenunua kwa uzito analipa zaidi ili aumie zaidi.

Kuna jambo ambalo hata mwenye koti zuri hukosea. Koti hili ni la kusimama, si la kutembelea. Ukianza kupanda livue, hata kama dakika kumi za kwanza zitakuuma. Ukisimama, livae hapohapo, kabla ya kunywa maji, kabla ya kupiga picha, kabla jasho halijapoa. Watu hungoja wasikie baridi ndipo wafungue begi, na wakati huo joto limeshakwenda. Lifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, liwe juu kabisa begini. Usiku wa kilele, ukitoka Barafu saa sita usiku, upepo ukiwa mkali unaweza kulivaa tangu mwanzo, lakini fungua zipu kila unaposikia jasho mgongoni. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Kutoka Moshi mjini mpaka mita 5,895 ni kama mita 5,000. Piga hesabu: mchana wa nyuzi 30 hapa ni karibu na sifuri kule, kabla ya kuhesabu usiku wala upepo. Alfajiri inashuka nyuzi 10 chini ya sifuri na siku nyingine zaidi.

Wauza mitumba wenzangu nawaomba wasipige pasi makoti haya. Pasi inayeyusha nyuzi na kulaza manyoya, na ni mnunuzi anayekuja kulia kwangu. Lifueni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo sana, suuzeni mpaka povu liishe, msilisokote. La manyoya linataka siku mbili tatu za jua na upepo, likigeuzwa na kupigwapigwa kwa kiganja kila baada ya saa chache. Na msiliweke limebanwa.

Mwisho niwatetee wagumu. Wengi wetu hatufiki kileleni. Tunabaki Barafu, kwenye miamba ya mita 4,600 na ushei, tukilinda mahema na kupika chai ya wanaorudi. Mzigo wa safari una kikomo cha kilo 20, nguo zako unazibeba juu ya hapo, kwa hiyo kijana akipimiwa mzigo huanza kupunguza cha kwake, na cha kwanza kuachwa nyumbani ni koti zito. Likiwa la nusu kilo haliachi. Kampuni iliyonichukua mwaka ule wa 2006 ilitukagua viatu tu, tena getini, gari likiwa tayari limezimwa na mizigo chini. Hata wangeligundua koti langu, ningelibadilisha wapi? Ukaguzi ufanyike mjini, siku moja kabla, maduka yakiwa wazi. Asiye na uwezo wa kununua aelekezwe Kilimanjaro Porters Assistance Project, wana ofisi hapa Moshi na huazima wagumu nguo za mlimani bila malipo. Na mgeni anayetaka kuacha koti lake kama zawadi aliache kavu, zipu ikiwa nzima. Nimepokea zawadi nyingi za kupendeza ambazo zipu yake ilikufa kwenye mlima uleule.

Naandika hii jioni, na mbele yangu kuna koti jeusi la sinthetiki la kijana wa Umbwe, safari yake ya kwanza. Alilinunua 18,000, kiwiko kimoja kimepasuka na kiunoni hapakuwa na kamba. Kiraka nimekitoa kwenye hema bovu, lastiki nimeishapitisha, imebaki kushona upindo. Gari la Machame linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Amesema atapita saa moja kulichukua.

Fundi cherehani,
Soko la Memorial,
Moshi.